Mkaguzi wa Shule ya Jikoni

Benchi la kijiwe cha Peñaclara, mji mdogo wa wakulima wa kahawa milimani, limebanduka rangi, na linatazama kanisa kutoka upande ambao jua la asubuhi hufika kabla ya kugusa paa lolote la mji. Lilichongwa kwa ajili ya watu watatu. Wanaolikalia ni wanne, kwa hiyo aliye pembeni hukalia nusu ya mwili wake na nusu ya pili huiachia hewa. Mama Pastora huegesha toroli lake hapo hapo, limejaa chupa za kahawa nyeusi iliyotiwa sukari guru. Wa kwanza kufika huwa Skrubu, fundi wa mashine za kumenya kahawa, ambaye hutembea na bisibisi mfukoni hata siku ya kupokea komunyo. Humfuata Askofu, aliyeacha seminari kwa ajili ya msichana mcheza dansi, akaukosa upadre na msichana pia. Wa tatu ni Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kukubali kushindwa na mtu yeyote, wala na mvua. Jumamosi ile ya mwisho wa Januari pembe ya benchi ilimwangukia Aldemar, mkulima kijana wa kahawa, naye alikaa pale bila kutambua kwamba nusu yake ilikuwa hewani.

— Mbona kikombe kinatetemeka? — Skrubu alimuuliza. — Mama Pastora, siku hizi kahawa unaitia umeme?

— Mama mkwe wangu anakuja, — Aldemar alisema.

Wenzake walivua kofia, kama watu waliopokea taarifa ya msiba.

— Lini? — Askofu aliuliza.

— Leo. Kwa gari la mchana, kutoka Manizales.

— Pole sana, ndugu yangu. Anakaa mpaka lini?

— Hakai. Anakuja kukagua.

Wote walimjua Bibi Ofelia. Alikuwa mwalimu mkuu maisha yake yote, na alipostaafu alirudisha funguo za ofisi lakini sauti akabaki nayo. Mwanzoni hakulalamika aliposikia kwamba wajukuu zake, Salomé wa miaka sita na Emiro wa minne, watafundishwa nyumbani na baba yao, maana mama yao, Yolima, alishinda kazini kwenye zahanati, na shamba la Aldemar lilianzia pale ukuta wa jiko ulipoishia. Alikuja, akaiona shule hiyo ya nyumbani, akaridhika. Kisha mwezi wa Oktoba Aldemar alibadili mwenendo, habari zikapanda mlima zikamfikia, naye akaenda shule ya masista mjini Manizales kumwekea Salomé nafasi. Mtoto angelala kwa bibi, angesoma kwa masista, na nyumbani angekuja likizo. Yolima, aliyebanwa kati ya mama na mume, alitafuta njia ya katikati: mama aje amuulize mtoto mwenyewe. Akimkuta yuko nyuma, aondoke naye. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

— Na Yolima amekubali hivyo? — Mama Pastora aliuliza.

— Amekubali huku analia. Lakini amekubali.

— Basi hapo kosa lako, bwana, — Skrubu alisema. — Shule ulikuwa nayo, tena shule hasa. Mimi nilikuwa nasikia kengele yako ya mapumziko kule karakana, naweka nyundo chini, napumzika.

— Na foleni, — Rufaa aliongeza. — Watoto wawili wanapanga foleni kwa urefu mbele ya mlango wa jiko kila asubuhi. Nimepita pale kwa macho yangu. Wawili tu, na bado mmoja anamsukuma mwenzake.

— Emiro, — Aldemar alisema. — Alikuwa anataka kuwa wa mbele.

— Si alikuwa wa mbele tayari? Yeye ndiye mfupi.

— Alikuwa wa mbele. Alikuwa anamsukuma wa nyuma.

— Mie sitasahau bendera, — Mama Pastora alisema. — Kila Jumatatu mnapandisha bendera kwenye mti wa kuanikia nguo, mkono kifuani, wimbo wa taifa beti zote. Halafu mwanafunzi bora wa wiki anabandikwa utepe.

— Hapo ndipo pabaya, — Aldemar alisema. — Shuleni wako thelathini, anayekosa utepe anajificha kati ya wenzake. Kwangu wako wawili. Kila Jumatatu mmoja anavaa utepe na mwingine analia mpaka chakula cha mchana. Salomé alikuwa ananyoosha mkono kuomba maji, ndani ya nyumba yake, kwenye mtungi uliokuwa mbele ya pua yake. Nami nilikuwa namwambia asubiri zamu.

Walicheka, na Aldemar akacheka nao kidogo, kwa kuwa jambo lililokwisha huruhusu kicheko. Askofu peke yake hakucheka.

— Sasa ilikuwaje ukaifunga? — aliuliza. — Miezi yote hii hujatuambia. Ulikuja tu siku moja ukasema kengele umempa Skrubu ayeyushe.

— Sikuiyeyusha, — Skrubu alisema. — Iko dirishani kwangu.

Aldemar alikizungusha kikombe kati ya viganja vyake. Hakuwa mtu wa kusimulia habari za ndani, lakini asubuhi ile maneno yalimjaa kifuani, na pale palikuwa na watu waliozoea kusikiliza.

— Salomé alianguka kutoka kwenye mpera, — alisema. — Goti likapasuka, damu tele. Mimi nilikuwa shambani, nikasikia ukelele. Nikakimbia. Na nikiwa nakimbia nikasikia anachoita. Hakuita baba. Aliita, "Mwalimu."

Mama Pastora alichukua kitambaa akaifuta chupa iliyokuwa tayari safi.

— Kwa hiyo kesho yake sikupiga kengele, — Aldemar aliendelea. — Nilikaa nikangoja. Mwanzoni hawakufanya lolote, walikuwa wanalala tu chini ya migomba kama watu waliotoka hospitali. Niliogopa. Nikasema nimeharibu watoto kwa ratiba, sasa nawaharibu kwa uvivu. Halafu siku moja Salomé akaamka akaniuliza, baba, Skrubu anafanya nini na zile mashine?

— Alikuja kwangu, — Skrubu alidakia. — Akanifungulia mashine nzima. Kuifunga ndio ilikuwa kazi. Lakini alijua kila kipande kimetoka wapi kuliko mimi.

Siku zilizofuata zilikuwa za namna hiyo, na Aldemar alizishukuru kwa jinsi mtu anavyoishukuru mvua ya kwanza, bila kuuliza kama aliistahili. Salomé alizigundua herufi kwenye mbavu za magari ya jip ya kubebea kahawa, maana huku kila gari lina jina lake, limepakwa rangi nyekundu na njano, nalo humsifu mpenzi au mtakatifu. Alijua kuyasoma yote, akijua pia ni dereva yupi aliyeachwa na mpenzi gani. Emiro alijifunza kuhesabu kwenye toroli la Mama Pastora, kwa vikombe, na vikombe vilipovunjika akajifunza kutoa. Jioni kabla ya kulala Aldemar alikuwa na desturi ya kumshukuru Mungu kwa swali moja lililoulizwa siku hiyo, naye alilitamka kwa sauti ndogo ili Yolima asimcheke. Yolima alikuwa akisikia, na hakuwahi kucheka.

— Sasa, — Rufaa alisema, akijiweka sawa, — kesi yenyewe ni rahisi. Bibi ana haki ya kuwa shahidi. Hana haki ya kuwa hakimu. Akifika unamwambia hivyo, halafu unaomba kesi iahirishwe.

— Iahirishwe mpaka lini?

— Mpaka umri wa mtoto uthibitishwe. Nani kasema ana sita? Tukimshusha awe na minne na nusu, hakuna masista watakaompokea.

— Bibi Ofelia alikuwepo alipozaliwa, — Aldemar alisema. — Ndiye aliyemkata kitovu.

— Basi ana maslahi. Ajitoe.

— We acha zako, — Skrubu alisema. — Jambo hili ni la kiufundi. Kichwa cha mtoto ni mashine ya kumenya. Ukiitia kahawa mbichi, inakwama, meno yanakatika. Unangoja iive. Na ndani mna skrubu moja, hapa nyuma ya sikio, ya kupanua mwanya. Ukiikaza mapema, mtoto anakuwa karani.

— Nimesikia, — Rufaa alisema. — Na nitakata rufaa.

— Ninyi nyote hamjui maandiko, — Askofu alisema. — Adamu alipewa wanyama wote awape majina. Nani alimfundisha? Hakuna. Alikuwa anaulizwa, huyu nani, anasema, huyu kiboko, basi, somo limekwisha. Nendeni mkasome vizuri. Adhabu ya kufukuzwa bustanini watu wanadhani ni jasho. Si jasho. Ni ratiba. Malaika yule wa mlangoni hakushika upanga, alishika kengele. Mwambie mama mkwe wako hivyo, kwamba saa mbili kamili ni tunda la dhambi.

— Mwambie wewe.

— Mimi sijaoa kwake.

— Sikilizeni, — Skrubu alisema, na sauti yake ilishuka kama ya mtu anayetoa siri ya ufundi. — Kusoma ni kutu ya majani, ugonjwa ule ule wa mibuni. Kweli kabisa. Kutu inaingiaje shambani? Unaifundisha? Inakuja na upepo. Leo mti mmoja, wiki ijayo mlima mzima. Kusoma vilevile. Unatundika magazeti kwenye mipera, upande upepo unakotoka, unafungua madirisha. Mtoto akiamka ameshashikwa.

— Na wewe mbona hukushikwa? — Rufaa aliuliza.

— Mimi nilipigwa dawa mapema. Shuleni.

Hapo hata Aldemar alicheka sawasawa, na kicheko kile kilimfaa kuliko ushauri. Lakini kilipokwisha, saa ya kanisa ikagonga, na kila mmoja akakumbuka gari la mchana. Skrubu ndiye aliyegeuka akawa makini.

— Hebu tuache utani, — alisema. — Kengele iko dirishani kwangu. Naifuata sasa hivi. Bendera unayo. Watoto wanapanga foleni ile ya zamani, Salomé anakariri ukurasa mmoja, Bibi anaona, anaridhika, anapanda gari. Jumatatu unairudisha kengele kwangu. Nani kaumia?

— Mimi nakuja kama mgeni rasmi, — Rufaa alisema. — Nina tai.

Aldemar aliuona mpango ule wote mbele yake, na ulikuwa mzuri. Aliona foleni, aliona utepe, aliona Bibi Ofelia akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwona Salomé akinyoosha mkono, akisubiri kuruhusiwa.

— Hapana, — alisema. — Nashukuru, Skrubu. Nyote nawashukuru, na si kwa leo tu. Lakini nikimpigia kengele leo, nitakuwa nimempoteza kabla hajapanda gari la mtu yeyote.

— Sasa utamwambia nini mama mkwe? — Mama Pastora aliuliza.

— Ukweli.

— Ukweli gani huo? — ilisema sauti nyuma ya benchi.

Waliinuka wote kwa pamoja, kama darasa. Bibi Ofelia hakungoja gari la mchana, alipanda gari la jip la alfajiri, akafika nyumbani akamkuta Yolima na watoto, akamaliza ukaguzi, na sasa alisimama pale na mkoba kwenye mkono mmoja na Salomé kwenye mwingine. Kwenye mkoba ilichungulia shingo ya sare mpya ya rangi ya buluu.

— Shikamoo, Mama, — Aldemar alisema.

— Marahaba. Kaeni, kaeni, hii si shule. — Alikaa mahali ambapo palikuwa pamekaliwa na watu wawili. — Nimemwandikia mtoto sentensi moja, Aldemar. Fupi. Nimemwambia asome. Unajua alichonijibu? Aliniuliza ni nani aliyetaka kujua hilo.

Askofu alikohoa ili asicheke.

— Badala yake akanisomea jina la gari lililonileta.

— Linaitwa Usinililie, — Salomé alisema. — La mzee Evelio.

— Mheshimiwa, huko si ndiko kusoma? — Rufaa aliuliza.

— Huko ni kubahatisha, bwana. — Bibi Ofelia hakugeuka. — Mwanangu, mimi sikuchukii. Nakuona unavyowapenda. Lakini kupenda si kufundisha. Sare nimeshaishona. Nataka unieleze asubuhi unawafanyia nini hawa watoto, unieleze kama mwalimu kwa mwalimu, halafu niamue.

Salomé aliuachia mkono wa bibi yake akaelekea ukutani mwa kanisa, na hakuna aliyemzuia. Aldemar aliutazama mgongo wake mdogo ukiondoka.

— Asubuhi nangoja, — alisema. — Nangoja mmoja wao aulize kitu. Akiuliza, tunakwenda huko. Siku nyingine ni mto, siku nyingine ni karakana. Siku nyingine hakuna swali, tunachuma kahawa, basi. Nilikuwa nawafundisha kila saa, Mama, na walikuwa hawaniulizi chochote. Sasa wananiuliza. Kwangu mimi hilo limetosha kushukuru, hata kama kwako halitoshi.

— Na akikuuliza usilolijua?

— Tunakwenda kutazama.

Bibi Ofelia alipokea kahawa aliyopewa na Mama Pastora, akaishika bila kuinywa.

— Mimi mtoto akiniuliza nisilolijua, — alisema, — nilikuwa namwambia somo hilo tutalifikia mwakani.

— Na mlilifikia? — Askofu aliuliza, kwa upole wa mtu aliyewahi kusikiliza maungamo.

Bibi Ofelia alikiweka kikombe kwenye toroli. Hapo Salomé alirudi mbio, magoti yake yana vumbi.

— Bibi, — alisema, — njooni mniambie. Kuna waendesha nyumbu chini ya ukuta. — Ndivyo watu wa milima hii wanavyowaita sisimizi wakata majani. — Wengine wanakwenda na jani, wengine wanarudi mikono mitupu, na njia ni nyembamba. Wakikutana, nani anampisha mwenzake? Aliyebeba au asiyebeba?

— Asiyebeba, — Askofu alisema mara moja. — Ni upendo wa jirani.

— Aliyetangulia kuingia njiani ndiye mwenye haki, — Rufaa alisema. — Mzigo si hoja.

— Anayeteremka anampisha anayepanda, — Skrubu alisema. — Muulizeni dereva yeyote.

— Mimi nasukuma toroli limejaa tangu ujana wangu, — Mama Pastora alisema, — na sijapishwa na mtu.

Salomé hakuwatazama. Alikuwa amemkazia macho bibi yake.

— Baba yangu alikuwa mwendesha nyumbu, — Bibi Ofelia alisema taratibu. — Wa nyumbu hasa, kabla ya barabara. Njia za mlimani zilikuwa nyembamba kama benchi hili, huku ukuta, huku korongo. Alikuwa anapiga ukelele kabla ya kila kona. Na asiye na mzigo ndiye aliyerudi nyuma akatafuta mahali pa kupishia, hata kama ni mbali. Asiyepisha aliaibika njia nzima. Kwa nyumbu najua.

— Na kwa sisimizi?

Bibi Ofelia aliugeukia ukuta wa kanisa.

— Kwa sisimizi, — Bibi Ofelia alisema, — sijui.

— Twende tukatazame, basi, — Salomé alisema, kana kwamba hapakuwa na jambo jingine la kufanya baada ya neno hilo, akamshika mkono akamwinua.

Walikwenda wote. Kahawa iliachwa kwenye toroli, na Mama Pastora aliliacha toroli lenyewe. Bibi Ofelia alimkabidhi Aldemar mkoba wenye sare, akakusanya sketi yake, akapiga magoti kwenye mawe ya uwanja wa kanisa na soksi zake nzuri za safari. Msafara ulipita mbele ya uso wake: vipande vya majani vilivyosimama wima kama matanga madogo ya kijani, na kati yake wale wasio na kitu wakirudi wanakotoka.

— Huyo amepisha, — Rufaa alinong'ona.

— Hakupisha, amepandiwa, — Askofu alisema.

— Na yule aliyebeba kampisha mtupu, — Salomé alisema. — Kwa nini? Labda yule mtupu ana haraka. Bibi, ngoja. Ngoja niweke vijiti, njia ibane zaidi.

Aliweka kijiti huku na kijiti huku, ulimi nje. Skrubu, ambaye macho yake yalizoea vitu vidogo, aliinama, akatabasamu.

— Mimi nimeshaona, — alisema. — Siri yake ni kwamba yule wa...

— Funga mdomo, — Bibi Ofelia alisema. — Mwache aone mwenyewe.

Aldemar alisimama nyuma yao na mkoba kifuani, na hakuthubutu kusogea.

— Aldemar, — Bibi Ofelia alisema, bila kuinua macho kutoka ardhini. — Mpigie simu Yolima. Mwambie asipakue chakula mpaka turudi, na aache kulia. Mtoto wa jirani yangu Graciela alikosa nafasi kwa masista. Umbo lake ni hili hili. Jumatatu nitampelekea sare, na nafasi.

— Mama...

— Pasaka nitakuja tena kutazama. Na Krismasi. Usidhani nimelala.

— Njoo hata kila Jumamosi, — Aldemar alisema. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu alfajiri yalimtoroka yote, likabaki moja. — Asante, Mama. Kweli, nakushu—

— Nyamaza, Aldemar, — Bibi Ofelia alisema, akimvuta mjukuu wake karibu ili aone vizuri. — Anakuja mwenye mzigo.